Ndege ya Vita Imepata Fundi

Juzi nilimpeleka mwanangu kupata chanjo katika zahanati yetu, huku Masieda. Nje, dereva wa gari la wagonjwa alikuwa akimwonyesha mzee mmoja simu yake. Gari lenyewe lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Mke wa mwana wa yule mzee alikuwa ndani, uchungu wa kuzaa umemshinda, na mzee alisubiri vijana walete kitanda wambebe mabegani hadi hospitali.

"Tazama, baba. Ndege ndogo ya vita vya zamani. Ilikuwa inawachungulia maadui ili wapigwe. Imetengenezwa upya, sasa inauzwa. Inatua hata shambani."

"Vita hivyo bado vipo?"

"Viliisha zamani sana, baba."

"Sasa inamsaidia nani?"

"Hakuna. Matajiri wanaipenda tu."

Mzee akaligeukia gari, akalipapasa ubavuni kama anavyopapaswa ng'ombe mgonjwa. "Basi hili letu halina wa kulipenda."

Dereva akazima simu. Vijana walipofika, alishika mguu wa kitanda bila kuambiwa. Yule mjamzito alilia kila kitanda kilipoyumba.

Mbele za watu nina haya. Ila hapa naandika: ndege iliyosaidia kuua ndiyo iliyopata fundi.