Tulivyomuomba Mtoto wa Bugendana Aje Kulala

Mjukuu wangu amemaliza mwaka wa sita, na juzi amenitangazia kwamba wasichana wote wa darasa lake watakuja kulala kwangu hapa Muyinga siku ya Jumamosi. Hakuomba, ametangaza. Nikamuuliza wazazi wao wameombwa na nani. Akaniinulia simu usoni.

"Bibi, yote iko humu. Wameshakubali wote."

Kazi hiyo aliifanya amelala chali, miguu ukutani. Wivu ulinishika, sifichi. Kwetu sisi, mtoto mmoja tu kuja kulala usiku mmoja ilikuwa karibu tugombane na mlima mzima wa watu.

Hiyo ilikuwa Gitega, mtaa wa Nyamugari, miaka michache baada ya uhuru wa Burundi. Baba alikuwa fundi cherehani. Mama alikuwa mama wa nyumba mwenye sauti ya kusikika mpaka sokoni. Mi nilikuwa mtoto wa kike wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza mwaka wa sita, na mama, ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani, alilichukua jambo lile kama harusi. "Harusi yake itakuja Mungu akipenda," aliwaambia majirani, "lakini hii imeshakuja." Kwa hiyo akaamua wasichana wa darasa letu wote waje kulala nyumbani, wale pilau, wapakwe hina, waamke pamoja. Akaazima masufuria makubwa ya harusi. Akaazima mikeka nyumba kwa nyumba. Mwanamke Mkongo aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, jirani yetu, mlokole hasa, akatoa kuku wawili na kusema yeye hajui mambo ya hina, lakini kuku haina dini. Mama akacheka, akasema kwetu kuku ina dini, lazima ichinjwe na Mwislamu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya haraka ile. Tulikuwa tunahama. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Muyinga, amezeeka, na baba alikuwa ameshakwenda huko kutafuta kibaraza cha kuwekea cherehani yake. Likizo ikiisha, na sisi tungeondoka. Wenzangu wa Nyamugari nilijua nitawaona tena, ndugu zetu wanapita pita. Aliyekuwa ananikosesha usingizi ni mmoja, wa Bugendana.

Huyo nilikaa naye benchi moja miaka yote. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake mjini, na Jumamosi anarudi kwao mlimani kwa miguu. Alikuwa mfupi, mcheshi, hodari wa hesabu kunishinda, na kila Jumatatu aliniletea ndizi mbivu moja ndani ya daftari, daftari lote linanuka. Mitihani ilipoisha akarudi Bugendana moja kwa moja. Nilijua kabisa kwamba kama hatakuja usiku ule, basi tumeshaagana bila kuagana. Shangazi yake tulipomuomba ruhusa akatikisa kichwa. "Mi sina mamlaka. Mtoto wa kike kulala kwa watu, ni baba yake aseme."

Mama hakuona shida yoyote. Baba hayuko, basi wataenda wengine. Akamwita mjomba wangu, kijana hajaoa, anapenda viatu vya kung'aa. Akawaita wazee wawili wa msikitini, mmoja wao ndiye aliyekuwa msemaji wa posa zote za Nyamugari. Akawapa sukari, kitenge kipya na kreti ya limonadi. Wakavaa kanzu nyeupe na kofia. Mi nikapandishwa nyuma ya pikapu ya kuazima, nikae juu ya kreti nisiiache ianguke.

Tulipofika Bugendana watu waliokuwa wanapalilia maharage wakasimama na majembe yao kututazama. Rafiki yangu akanikimbilia, tukajificha nyuma ya nyumba yao, tunasikia kila kitu. Baba yake aliwakaribisha wageni kwa adabu, akatoa viti, akasubiri. Yule mzee wa posa akakohoa. Maskini, maneno mengine ya kufungulia hakuwa nayo, maisha yake yote alifungua kwa hayo hayo.

"Tumepita njiani," akasema, "tumeona ua zuri limechanua katika nyumba yako. Tumekuja kuliomba."

Mjomba akatafsiri kwa Kirundi, neno kwa neno, bila hata kufikiri.

Baba yake rafiki yangu akaangalia kanzu, akaangalia kitenge, akaangalia limonadi. Kisha akauliza kijana mwenyewe ni yupi. Wale wazee wawili, nao bado hawajaelewa, wakamgeukia mjomba. Mjomba na viatu vyake.

Mi nilicheka. Mwenzangu hakucheka, alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. Baba yake alisimama na kusema kwa sauti ya chini, ambayo ilitisha kuliko kelele, kwamba binti yake ni mtoto, hajui hata kugeuza bugali, na kwamba watu wa mjini wakiona mtu wa mlimani wanadhani atauza mwana kwa sukari. Mjomba akaanza kueleza mambo ya kulala, na ndiyo akazidi kuharibu, kwa sababu sasa ikasikika kwamba hata harusi hawataki, wanataka alale tu. Baba yule alibeba kreti mwenyewe akairudisha kwenye pikapu. Akamwita binti yake, akamwambia mbele yetu kwamba mjini hakanyagi tena. Nikarudi Gitega nimekalia limonadi yote, haikufunguliwa hata moja.

Mama aliposikia alikaa chini kwenye mkeka wa kuazima, akashika kichwa. Mi sikumhurumia. Nina hasira za karibu, nilikuwa nazo tangu zamani, nikamwambia kama huyu haji, basi arudishe mikeka ya watu, kwani sitalala na mtu mimi. Kofi nililopata nililistahili. Lakini sikula siku ile, na mama naye hakula, na masufuria ya harusi yalikaa uani yamefunikwa kama kuna msiba.

Aliyetuokoa ni bibi. Alishuka kwenye lori kutoka Muyinga kuja kusaidia kufunga vyombo, na fungu la mikeka yake kichwani. Alizaliwa mlimani huko Gasorwe, Uislamu aliukuta kwa mume, kwa hiyo alizijua adabu za pande zote mbili. Tulipomsimulia alicheka mpaka akafungua kilemba kujipangusa macho. Kisha akamgeukia mama.

"Mwanangu, wanaume watatu na mzigo, hiyo ni posa, hata mbuzi anajua. Jambo la mtoto linaendewa na mtu mmoja, mikono mitupu, kwa miguu. Tena ni baba mwenyewe."

Baba aliporudi kutoka Muyinga hakutaka hata kusikia. Alisema hana uso wa kwenda kujidhalilisha kwa makosa ya shemeji yake. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Mlimani huwezi kuzungumza na mtu jambo la maana bila kunywa naye, na mtu akikupa pombe yake ya ndizi ukakataa, umemwambia usoni kwamba humwamini. Baba alikuwa hanywi. Akifika akikataa kibuyu, ni tusi juu ya tusi.

Bibi alikuwa ameshalifikiria hilo. "Siku wakikamua ndizi, ule mtobe unaotoka kwanza ni sukari tupu. Hauwi pombe mpaka utiwe mtama na ulale. We nenda siku hiyo. Kunyweni kabla ya mtama."

Shangazi yake rafiki yangu ndiye aliyetutobolea siku, kwa siri. Tukaondoka baba na mimi kwa miguu, mapema, yeye kavaa shati la kazi. Njiani niliogopa hata kukohoa. Nilikuwa nasoma dua zote nilizofundishwa chuoni, hata ya kuingia chooni.

Tulimkuta mzee yule na ndugu zake kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi wanamoponda ndizi, wameshika majani, wanakanda na kukanda. Alituona, hakutusalimia. Baba alitoa salamu ya Kirundi, akavua viatu, akanawa mikono, akakunja mikono ya shati. Kisha akaingiza mikono yake ya ushonaji kwenye zile ndizi akaanza kukanda pamoja nao. Hakuna aliyemwambia fanya, hakuna aliyemwambia acha. Alikuwa hajui kazi ile, alikuwa anakanda kama anafua, na mwishowe mmoja wa wale ndugu akamwonyesha namna ya kushika majani ili mtobe utoke na makapi yabaki. Rafiki yangu alisimama mlangoni kwao. Hatukusogeleana. Tulitazamana tu.

Mtobe ulipochujwa, mzee akachota kwa kibuyu, akaonja kwanza yeye, kama desturi inavyotaka, akampa baba. Wote wakageuka kumwangalia. Walijua watu wa msikitini hawanywi. Baba akanywa, akanywa tena, akapangusa mdomo.

"Mwanangu anahama," akasema. "Tunaenda Muyinga. Anataka kulala usiku mmoja na wako kabla ya kuachana. Sina kingine nilichokuja nacho."

Mzee akachota tena, akanywa yeye. Nami pale pale, wallahi, nilikuwa tayari kupiga magoti. Mwishowe akauliza, "Na yule mwenye viatu?"

"Yule atalala kwa rafiki yake," baba akajibu.

Ndipo mzee akacheka. Akasema mtoto atakuja, ila atamleta mwenyewe, na yeye pia atalala.

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi ile nyumba yetu ilijaa wasichana, mikeka imeenea toka ukuta hadi ukuta, bibi akajilaza kwenye mlango kama komeo. Mzee wa Bugendana akatandikiwa sebuleni karibu na cherehani. Alikuja na binti yake, na mtungi wa mtobe begani kwa ajili ya baba. Rafiki yangu alipakwa hina na mama mwenyewe, mikono yote miwili, akawa anaiangalia kwenye taa hataki kugusa kitu. Pilau ilibidi nimlishe. Tulilala mkeka mmoja, na alikuwa amekuja na ndizi, safari hii bila daftari.

Asubuhi baba alichungulia mtungi, akaona povu limeanza, unageuka pombe. Akaufunika akamrudishia mgeni wake. "Sasa huu ni wako peke yako," akamwambia, na wakashikana mikono wakicheka. Tangu siku hiyo wakawa wanaitana mkwe, kwa utani, maana posa ilipelekwa hata kama ilikataliwa. Rafiki yangu aliondoka amekunja viganja ndani ya nguo ili hina isifubae kwa vumbi. Nililia barabarani na sikuona haya.

Muyinga tulizoea. Mwanzoni habari za Bugendana zilikuja na madereva wa malori. Baadaye ikaja miaka mibaya, ile ambayo watu wa umri wangu hawaisimulii, na habari zikakatika. Baba alikuwa akisikia lori la Gitega anasimamisha cherehani, anatoka nje kuuliza. Anajibiwa hawajui. Anarudi, anakanyaga tena. Ikafika siku akaacha kuuliza, na hiyo iliniuma kuliko alipokuwa anauliza.

Siku ya harusi yangu, hapa hapa Muyinga, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa, imamu anasubiri, na baba anasubiriwa atoe idhini ya kuniozesha. Mi nilikuwa ndani, mikono imejaa hina, nachungulia dirishani kwa sababu kukaa kama bibi harusi kulinishinda. Nikaona mzee anaingia uani, vumbi mpaka kwenye nyusi, bidoni ya lita tano mkononi. Nyuma yake mwanamke mfupi na mtoto mgongoni. Watu wakamuuliza yeye ni wa upande gani. Akasema yeye ni mkwe wa mwenye nyumba. Wakwe zangu wa kweli wakatazamana.

Baba aliinuka kwenye mkeka mbele ya imamu na watu wote. Yule mzee hakumsalimia, alimnyooshea bidoni tu.

"Nimekamua alfajiri," akasema, "lori limenichelewesha. Lakini sijatia mtama."

Baba alifungua, akanusa, akaweka mdomo. Alikunywa palepale amesimama, mtobe unamwagikia kanzu nyeupe, na machozi pia, na mambo ya imamu yakasubiri mpaka amalize.