Siku Niliyombatiza Babu

Ilianza Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, babu alipotangaza kwamba anakufa. Saa naijua kwa sababu baba alitoa mfukoni saa yake ya mnyororo akaitazama, kama msimamizi wa mtihani.

Babu alikuwa amelala chali, tumbo limevimba kama ngoma. Jana yake jirani alichinja mbuzi, na babu hajawahi kumwacha mbuzi wa jirani aende zake hivi hivi.

"Safari hii ni kweli," alisema. "Mwiteni mchungaji. Nibatizwe."

Baba alikaribia kulia kwa furaha. Ni vibaya kuandika hivyo juu ya mtu ambaye baba yake anakufa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baba ni mzee wa kanisa, na miaka yote ninayoikumbuka amekuwa akimsihi babu abatizwe, na babu akimjibu, "Nitabatizwa siku ya kufa, nikishaoga." Si kwamba babu hakumwamini Mungu. Alikuwa na wake wawili. Kanisa letu huku Meru lina sheria: mwanamume mwenye wake wawili hapati maji mpaka abaki na mmoja. Ila akiwa kitandani anakufa, sheria inalegezwa, kwa kuwa maiti hana mke. Babu aliisikia sheria hiyo mara moja tu akaielewa kuliko wazee wa kanisa wote. Kufa kwenyewe hakukumtisha. Alichoogopa ni kukosea wakati: abatizwe mapema kisha apone, alazimike kumfukuza mke mmoja, au achelewe, afe mpagani.

Na siku zile kila mtu alikuwa akifikiria mwisho. Watu wa upande wa pili wa mlima walikuwa wameondolewa kwenye mashamba yao, nyumba zikachomwa, ili wazungu wapate pa kufugia ng'ombe. Ardhi ilitikisika kidogo katikati ya ibada, na mwinjilisti wetu akasema hiyo ni dalili. Alituhubiria hukumu mpaka watoto wakakojoa. Wenzangu waliogopa moto. Mimi niliogopa ile sehemu ya kuitwa mbele na kujibu. Shuleni nikiulizwa swali sauti hunikimbia, nabaki na mdomo wazi kama mfuko. Nimemwomba Mungu mara nyingi, ikiwezekana, hukumu yangu iwe ya kuandika.

Baba akapanda baiskeli kumfuata mchungaji, aliyekuwa upande wa Makumira siku hiyo. Akimkosa, arudi na mwinjilisti. Mama na bibi mkubwa, yule aliyemzaa baba, wakaenda kuwaita shangazi zangu. Bibi mdogo alikuwa sokoni mjini Arusha tangu alfajiri, akiuza ndizi, hajui kwamba anakaribia kuwa mjane. Nyumbani nikabaki mimi, niliyerudi likizo kupumzika.

"Mke wangu," babu aliniita. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke, ni utani, hakuna anayeshtuka. "Wamekawia."

"Wameondoka sasa hivi, babu."

"Mauti yana mbio kuliko baiskeli ya baba yako. Wewe umebatizwa?"

"Ndiyo, babu."

"Basi nibatize wewe."

Nilijua inaruhusiwa. Darasa la kipaimara tulifundishwa kwamba mtu akiwa anakata roho na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Tulifanyia mazoezi kwenye boga. Mimi nililibatiza boga langu kwa sauti ndogo hata mwalimu akasema hilo litakwenda motoni kwa kutosikia. Nikaanza kumweleza babu kwamba tungoje kidogo, lakini akapiga kelele moja ya maumivu, uso ukageuka rangi ya majivu, na mkono wake ukanishika kiganja. Ulikuwa wa baridi. Hapo sikuona kichekesho chochote. Niliona kwamba akifa sasa hivi bila maji, ni kwa sababu mimi naona haya.

Nikachota maji kwenye debe la nje kwa kikombe cha bati. Tone la kwanza likamgusa shingo.

"Aa! Ya barafu! Unataka nife kwa kikohozi kabla ya tumbo?"

Nikakimbia jikoni nikayapasha moto, huku nikimsikia akilalamika kwamba mbinguni wameshafungua mlango na baridi inaingia.

"Unataka jina gani, babu?"

Nilimtajia moja. Akasema hilo ni la karani wa kodi. La pili, lilikuwa la mtu aliyewahi kuhamisha mpaka wa shamba lake. La tatu alisema linafaa ng'ombe. Mwishowe akachagua la mfalme wa Waingereza, yule aliyefariki, kwa sababu sura yake iko kwenye shilingi na hajaona duka la Mhindi lililoikataa.

Nikamwagia maji mara tatu, nikataja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, kwa sauti iliyonishangaza hata mimi. Kuku aliyekuwa mvunguni akatoka.

Babu akafumba macho. Uso ukalainika, mkono ukalegea. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikilia, nikijua amekwenda, tena amekwenda vizuri. Kisha akatoa upepo. Sijui niandikeje kwa adabu. Ulikuwa mrefu, ukaanza chini ukapanda, kama tarumbeta la kanisani linapotafuta sauti. Tumbo likashuka mbele ya macho yangu.

Babu akafumbua jicho moja.

"Loshoro ipo?"

Baba aliporudi na mwinjilisti, jua likizama, babu alikuwa ameketi kitandani na bakuli la pili la loshoro, mahindi yale ya maziwa ya mgando, na bibi zangu wote wawili wamesimama mlangoni. Shangazi zangu walikuwa wameshalia nusu ya njia na sasa hawakujua wakipeleke wapi kilio kilichobaki.

"Shikamoo mzee," mwinjilisti alisema, akivua kofia.

"Marahaba. Umechelewa. Nimeshabatizwa na mke wangu huyu hapa."

Mwinjilisti alinitazama. Alikuwa mtu mwembamba, mpole nje ya mimbari, na nilimwona akifurahi kweli, macho yakamlengalenga. Akamshika babu mkono, akamwita ndugu. Kisha furaha ikamtoka polepole, akakaa kwenye kigoda.

"Mzee, sasa umepona."

"Nimepona kidogo."

"Ubatizo ukishafanyika haufutiki. Wewe ni Mkristo, na u hai. Mkristo aliye hai ana mke mmoja. Inabidi uchague."

Hata babu akaacha kutafuna. Sote tulijua maana yake. Bibi mkubwa ndiye wa kwanza, mwenye watoto, mwenye cheti cha ubatizo. Bibi mdogo hana mtoto hai. Ni Mwarusha, angerudi Moshono kwa kaka yake, ambaye mke wake hamtaki hata kwa siku ya kusalimia. Migomba aliyoipanda kwa mikono yake angeiacha. Ndiye aliyenilea mimi mama alipougua. Kila neno la Kimaasai, lugha ya kwao, nilijualo ni lake.

"Nachagua huyu," babu akasema, akininyooshea kijiko. "Anasoma."

Hakuna aliyecheka ila shangazi mmoja, akajifanya anakohoa.

Bibi mkubwa akaingia ndani. "Mwalimu," alimwambia mwinjilisti, "nimekaa na huyu mwanamke miaka mingi, tumegawana kuni, maji, na huyu mzee. Unataka kumwondoa yeye, unibakize na mzee peke yangu? Nimekukosea nini?"

"Mama, si mimi, ni sheria."

"Basi sheria na ije ikamue ng'ombe."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Ndiye aliyesema, bila kunitazama, "Labda haukuwa ubatizo. Huyu binti hana sauti. Labda alinong'ona tu."

Mwinjilisti akalidaka neno hilo haraka, nami nikaona kwamba yeye pia alikuwa akitafuta mlango. "Ni kweli. Lazima tujue kama majina matatu yalitajwa na maji yalimgusa kichwa. Kesho asubuhi nitakuja na wazee wawili. Binti atatuambia."

Kwa hiyo neno lilikuwa kwangu. Nikisema sikutaja, bibi mdogo anabaki, na babu anarudi kuwa mpagani hadi atakapougua tena, na mbuzi wa jirani si wa kutegemewa. Nikisema nilitaja, babu ameokoka na bibi mdogo anafungasha.

Nilimfuata bibi mdogo zizini. Alikuwa akikamua, kichwa ameegemeza ubavuni mwa ng'ombe.

"Nitasema sikutaja," nilimwambia.

"Ulitaja?"

"Nilitaja."

"Basi utasema ulitaja." Maziwa yaliendelea kulia ndooni. "Unataka mzee aungue kwa ajili ya migomba yangu? Halafu anifuate kila usiku kunilalamikia joto? Huyo namjua."

"Utakwenda wapi, bibi?"

"Moshono. Na mbuzi wangu naondoka nao. Na sufuria ile kubwa, ni yangu, mwambie baba yako asijisahaulishe." Kisha akaacha kukamua. Hakulia. Alikaa tu na mikono imelowa, na ng'ombe akageuka kumtazama.

Asubuhi wakaja, mwinjilisti na wazee wawili wa kanisa waliovaa makoti kwa ajili ya ukungu. Wakaketi chumbani kwa babu. Babu alikuwa amevaa viatu tayari, anataka kwenda kuona kahawa yake. Bibi mdogo alikuwa nje, amekaa juu ya furushi lake. Nikaitwa mbele.

"Ulitaja majina?"

Sauti ikakimbia. Mdomo ukabaki wazi. Mzee mmoja akaanza kumwambia baba, kwa upole, kwamba ni dhahiri mtoto hakuweza, na baba akatikisa kichwa kukubali, na nilijua nikinyamaza tu mambo yamekwisha, sitakuwa nimesema uongo hata mmoja. Lakini Mungu alikuwapo jana. Alisikia. Angejua kwamba nimemnyang'anya babu ubatizo wake kwa kunyamaza.

"Nilitaja," nilisema. "Yote matatu. Na maji yaliingia hadi sikioni."

Baba akafumba macho. Mwinjilisti akashusha pumzi, akageukia mlango kumtafuta bibi mdogo.

"Lakini, mwalimu," nikasema, na sijui nani alikuwa akisema, "nani amesema babu amepona?"

"Amevaa viatu, binti."

"Alibatizwa kama mtu anayekufa. Hajakuwa na nafasi ya kumaliza. Kuna mtu ameambiwa atakufa lini? Huwa unatuambia kila mmoja wetu yuko njiani, na hajui mlango uko wapi. Babu anakufa, mwalimu. Anakufa polepole."

Kisha nikasikia kiatu kimoja kikianguka sakafuni, na cha pili. Babu alikuwa amelala chali, mikono kifuani, akiguna kwa ustadi.

Wazee walitazamana. Mwinjilisti alimtazama babu kwa muda mrefu, halafu mimi, halafu furushi la nje. "Mtu anayekufa," alisema taratibu, "haonekani sokoni. Haonekani kwenye pombe. Hatembei kukagua kahawa ya watu."

"Hata yangu?" babu akauliza, macho yamefumbwa.

"Hata yako. Unasali, unatubu, unajiandaa. Siku tutakayokuona barabarani, umepona, na utachagua."

"Mwalimu, hiyo ni hukumu ngumu."

"Ndiyo, mzee. Uanze kuizoea."

Wakasali, wakanywa chai ya bibi mdogo, wakaondoka. Mimi nilitoka nikabeba furushi lake nikalirudisha ndani kabla hajasema neno, nikaweka chungu chake mekoni na sufuria kubwa mahali pake. Kisha nikarudi mbio chumbani kufunga dirisha, kwa maana wazee walikuwa hawajafika hata barabarani, na babu alikuwa ameanza kuimba.