Watu Waliomezwa na Simu ya Mama

Nilifuta nambari ya dada yangu kabla sijajua kwamba ninayo. Nilikuwa nimemtafuta miaka minne, na siku hiyo nilimfuta kwa kidole kimoja, nikicheka, chai ya maziwa ikifanya utando mezani.

Sababu ilikuwa vumbi. Anayeishi Nakuru anajua kwamba kuanzia Januari vumbi haliji kutembea, linahamia. Linapita dirisha lililofungwa, linalala kwenye kibodi, linaingia mpaka ndani ya sukari. Kwa hiyo mwishoni mwa Februari, kabla mvua haijaligeuza kuwa matope, watu hutoa kila kitu nje na kukung'uta. Mimi nina blogu inayohusu nyumba na mpangilio wake, na usafi wa Februari kwangu ni mavuno. Ninapiga picha kabla, ninapiga picha baada, na wasomaji wangu, wengi wao wanawake wenye droo zisizofungika, wananishukuru kwa kuwaaibisha.

Nilianza na meza ya kazi. Nilitupa chaja za simu zilizokufa, kalamu za semina, kadi za harusi za watu walioachana tangu zamani. Nilitupa kikombe alichonipa msomaji mmoja, kilichoandikwa maneno ya kunitia moyo, kwa sababu kilikuwa kibaya na sikuhitaji moyo. Kufikia saa nne asubuhi meza ilikuwa tupu na nilikuwa na furaha ambayo watu hawanipi.

Halafu nikaingia kwenye kompyuta, ambako uchafu wangu ulikuwa mwingi zaidi kwa kuwa hauonekani na wageni. Nilifuta picha za vyakula ambavyo sikumbuki kuvila, na makala nilizoanza kwa hasira nikaziacha nilipopata usingizi. Nikapitia pia makala za zamani zilizochapishwa, niondoe zilizochakaa. Ndipo nikaifikia ile ya viatu.

Inabidi nieleze. Dada yangu ananizidi miaka mitano. Aliolewa na fundi wa mabomba ya mvuke kule Olkaria, mwanamume mpole mbele za watu. Siku moja, tukimenya viazi kwa mama, aliniambia kwamba hulala na viatu miguuni. Alilisema kama mtu anayeeleza jinsi ya kutoa doa: raba, kamba zimefungwa, mtoto upande wa mlango, ili mambo yakiharibika asipoteze muda. Nilimwonea huruma, huruma ya kweli kabisa, na nilipofika nyumbani nikaiandika. Sikutaja jina. Niliandika "mwanamke mmoja ninayemfahamu," nikaweka raba, nikaweka kamba, nikaweka mtoto upande wa mlango, na yote hayo yakawa utangulizi wa makala kuhusu kupanga chumba cha kulala.

Ilisomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Ilisomwa hadi Olkaria. Wafanyakazi wenzake walimtumia mumewe, wakamuuliza kama mkewe bado anavaa raba kitandani. Aliyoyafanya yule mwanamume aliporudi nyumbani sitayaandika, nimejifunza kidogo. Dada aliondoka na mtoto uso ukiwa bado umevimba, akabadilisha laini, na ujumbe wake wa mwisho ukanifikia kupitia kwa mama, kwamba kwake yeye mimi nimekufa. Nilimuuliza mama aliko dada, akasema hajui. Nilimwamini. Mama yangu ni mtu wa kanisa na sikuwahi kumshika na uongo.

Makala ile sikuifuta. Inaleta wasomaji mpaka leo. Nilirekebisha koma mbili, nikaendelea na usafi.

Kilichobaki kilikuwa orodha ya nambari za simu, na huko nilikuta wageni. Watu sijui wametoka wapi, zaidi ya mia moja, wamejaa kwenye akaunti yangu, ambako sikuwahi kuweka mtu; watu wangu mimi wako kwenye laini. Kulikuwa na Randirodi, mwenye nyumba wa mtu fulani. Kulikuwa na Fundi wa Thimu, Ndagitari ya Meno, Pasta Mupya, na Pasta Wa Kitambo. Kulikuwa na Mama Kuku Mweupe, ambaye sikujua kama mweupe ni yeye au kuku. Na kulikuwa na mmoja aliyeandikwa Usishike. Nilikata shauri kwamba hii ni kazi ya msichana aliyewahi kunifanyia kazi za nyumbani, ambaye nilimwachia simu yangu kuukuu wakati akiwa kwangu. Nilimkasirikia upya, yeye ambaye nilikuwa nimemfukuza mara moja tayari. Nikawachagua wote, nikawafuta.

Nafuu kama ningeishia hapo. Lakini bloga hatupi kitu bure. Nikaandika makala, nikaiita "Nani Amemficha Randirodi Kwenye Simu Yangu?" na nikawapanga hao watu mmoja baada ya mwingine nikiwacheka. Kwetu hakuna kichekesho rahisi kama mtu anayeshrabu, anayeandika Kiswahili kwa ulimi wa nyumbani, na mimi ambaye nililelewa na ulimi huo huo niliutoa utumbo hadharani. Mwisho niliandika: "Nawe Usishike, nimekushika, na nimekutupa." Watu walicheka mpaka wakaweka majina ya kwao. Mmoja aliongeza Sofeya wa Shamba, mpima ardhi wao, mwingine Kalani wa Chifu. Ilikuwa siku nzuri.

Siku ya tatu mama akanipigia. Mama anaishi Karagita, chumba kimoja cha kupanga, karibu na mashamba ya maua alikofanya kazi miaka kumi na tisa akichambua mawaridi. Nambari yangu aliikariri zamani, alipokuwa akiazima simu za majirani.

"Simu yangu imemeza watu," alisema.

Nilicheka. Nilimuuliza imewameza namna gani. Akasema kwamba aliamka akakuta hakuna mtu ndani, ni mimi tu na watu wa kununua umeme, tulioandikwa kwenye laini. Watu wa chama, watu wa kanisa, wote hawapo. "Hata Randirodi ameenda," alisema.

Nilijua hapo hapo. Nilipomnunulia mama simu, miaka miwili iliyopita, kijana wa dukani alisema inataka barua pepe ndiyo ianze kazi. Mama hana barua pepe. Nilikuwa na haraka, nikaweka yangu. Tangu siku hiyo kila mtu aliyemwandika kwenye simu yake alijiandika pia kwangu, na niliyemfuta kwangu alifutika kwake. Nusu ya nchi hii wamewawekea wazazi wao simu hivyo, na nusu hiyo haijawahi kufikiria maana yake. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyosema, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye nguo ya mama.

"Mum, umefinya kitu," nikamwambia.

"Nilifinya nini?"

"Sijui. Nyinyi hufinya tu."

Akaniomba msamaha. Aliomba msamaha kwa kuharibu simu niliyomnunulia kwa jasho langu, na mimi nikamsamehe. Nilimwambia asijali.

Kilichofutwa hukaa kwenye pipa la kompyuta karibu mwezi mzima, na mtu mwenye akili anaweza kukirudisha. Lakini mimi huwafundisha watu kwamba pipa lisilomwagwa ni kabati jingine tu, na nilikuwa nimelimwaga siku ile ile. Maji yakimwagika hayazoleki. Makala ya Randirodi niliiacha hewani, maana ilikuwa bado inakimbia.

Mama aliendelea kupiga. Wengine angewapata tu, alisema, kwani Pasta yuko kanisani na Randirodi anakuja mwenyewe kila mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Lakini kuna nambari moja anayoitaka. Nilimuuliza ya nani, akasema ni ya mtu. Nilimuuliza mtu gani, akasema mtu tu. Mara ya tatu aliponijibu hivyo, mimi, ambaye sikuwa nimekwenda Karagita tangu Krismasi, nikaamua kwenda. Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa ni umbea.

Nilimkuta ameketi kitandani, simu iko mbele yake juu ya kistuli, ameifunika kwa kitambaa kama chakula. Alikuwa amekonda. Aliniwekea chai, akaniuliza kama barabara ilikuwa sawa. Nilichukua simu, nikaifungua, nikakuta simu nyingi ambazo hazikupokewa. Nikamuuliza mbona hapokei. Akanishangaa. Ni mimi niliyemfundisha, nambari isiyo na jina aiache ilie, hao ni wakora, watamwambia ameshinda zawadi. Sasa nambari zote hazikuwa na majina, kwa hiyo kwa wiki mbili alikuwa amekaa akiitazama simu ikilia mpaka inanyamaza.

Kuna nambari moja ilinirukia machoni. Ilipiga Jumapili ya kwanza, saa kumi, watu wakitoka kanisani, mara mbili. Jumapili ya pili, saa ile ile, mara kumi na moja.

"Mum, huyu ni nani?"

Alitazama mlango. Halafu akanitazama mimi.

"Ni siste yako. Saa ni yake, lakini jina halikutokea, nikaogopa ni wakora."

Nilimuuliza alikuwa amemwandika nani, ingawa nilikwisha jua. Alikunja kitambaa cha simu mara mbili, akakiweka magotini.

"Nilimwandika Usishike," alisema. "Juu wewe ukikuja unashikanga simu yangu. Nikaona nikiandika hivyo, hata ikilia, utaacha."

Ningependa kuandika kwamba niliona aibu. Aibu ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Kwanza ilikuja hasira. Miaka minne nilikuwa nikiuliza, miaka minne mama akiniambia hajui, na kila Jumapili saa kumi wawili hao walikuwa wakizungumza, labda wakinizungumzia. Hii ni nyumba yangu pia, nilifikiri. Simu nilinunua mimi. Akaunti ni yangu.

Mama alinyoosha mkono. "Mpigie alafu unipatie," alisema. "Usiongee. Tafadhali."

Tafadhali ndiyo iliyonimaliza. Mama hakuwahi kuniambia tafadhali tangu nizaliwe. Nilibonyeza nambari ile nikaweka simu sikioni. Haikulia hata mara moja nzima.

"Mum?" Ilikuwa sauti ya dada, inapumua kama mtu aliyekuwa akikimbia. "Mum, ulikuwa wapi? Nilidhani umekufa."

Mkono wa mama ulikuwa umenikaribia kiasi cha kuona alama za miba kwenye vidole. Nilikuwa na muda wa kutosha kumpa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijapata njia ya kusema kwamba sikuwa nao.

"Ni mimi," nikasema.

 Nyuma ya dada mtoto, ambaye sasa lazima ni mkubwa, aliuliza ni nani.  Dada akakata simu.

Mama alinipokonya simu, akaiweka sikioni, akaiambia haloo. Aliiambia haloo mara tatu. Tulipopiga tena tuliambiwa na yule mwanamke mpole wa mtandao kwamba mteja hapatikani, tujaribu baadaye. Tulijaribu baadaye. Nilijaribu njia nzima nikirudi Nakuru, na kesho yake, na mwezi uliofuata. Siku hizi hata yule mwanamke hasemi hapatikani. Anasema nambari hiyo haipo.

Mama hakunikemea. Aliosha vikombe. Alipokuwa akinisindikiza hadi barabarani alisema kwamba yote yameletwa na yeye, kwa kufinya asichokijua, na mimi nilitembea kando yake nikimwacha aamini hivyo. Mpaka leo anaamini hivyo.

Tangu hapo anapokea simu zote. Nambari yenye jina, isiyo na jina, mchana, alfajiri, anapokea kabla haijalia mara ya pili. Amekwisha zungumza na wauza bima, watu waliokosea nambari, na vijana wa kumwambia ameshinda gari. Mwezi uliopita nilipokwenda kumwona alikuwa kwenye simu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona muda mrefu. Alikuwa akimwambia mtu kwamba goti limepona, kwamba mvua imenyesha vizuri, kwamba mtoto asisahau kuvaa sweta. Moyo wangu ulipasuka kwa shukrani. Nilisimama mlangoni nisipumue.

Alipomaliza nilimuuliza kama ni dada. Akasema ni msichana aliyepiga wiki iliyopita, akasema, "Mum, ni mimi, nimebadilisha laini." Nilichukua simu nikaitazama nambari. Huo ni utapeli wa kila siku; wanapiga kwa nambari yoyote, wanasema Mum, wanangoja mzazi ataje jina wenyewe walichukue. Nilimweleza yote hayo polepole, kwa ile sauti ninayowatumia wasomaji wangu. Nilimwambia huyo si mtoto wake, huyo ni mkora, na mwisho wa wiki atamwomba atume kitu.

"Najua si yeye," mama alisema. "Sauti si yake. Lakini aliniuliza kama nimekula."

Nilimwambia tumfute. Mama alinyoosha mkono, nikamrudishia simu, nikidhani anataka kufuta mwenyewe. Akaiweka kitandani, akaikalia, akaniambia kuna chai kwenye thamosi.