Moshi wa Jiko la Tate

Rafiki yangu, majani yalipoanza kuanguka mwaka huu, kapteni wetu wa zimamoto alitupeleka kitongoji cha Crystal, huku ughaibuni, kwenye nyumba kuukuu iliyokuwa inangoja kubomolewa. Mwenye nyumba alikuwa ametuachia tuichome, ili wanafunzi wa zimamoto wa chuo cha jamii wauzoee moto wa kweli. Mwalimu wao siku hiyo nilikuwa mimi. Niliposhuka garini nikauona ule mlango wa kijani, nikautambua. Ilikuwa nyumba yetu.

Tulipanga ghorofa ya chini tulipotoka kambi ya wakimbizi, mimi, mama na bibi yangu, ambaye sisi wa Kongo tulimwita Tate. Mama alishinda kazini, kwa hiyo utoto wangu ulikuwa wa jikoni. Hata leo nikifumba macho nasikia mchi ukitwanga sombe, yale majani ya mhogo, theluji inadondoka dirishani bila sauti, na harufu ya makayabu, wale samaki wa chumvi, imeshika hadi makoti. Mafuta yakishapata moto, kengele ya moshi darini ilianza kelele zake. Tate aliiita mama mkwe, maana ilimgombeza mpishi hata kabla ya kuonja. Kazi yangu ilikuwa kupanda kiti na kuipepea kwa kitenge mpaka inyamaze. Ukitaka kujua, uzimamoto wangu ulianzia hapo.

Jirani wa juu, muuguzi Mkenya, alikuwa ameshanipangia maisha. "Enda community college u-do nursing, mrembo. Huwezi kosa job." Nikaenda. Nilianza na masomo ya huduma ya dharura, lakini kila nikitazama nje ya darasa niliwaona wanafunzi wa zimamoto wakivuta mipira ya maji kwenye barafu, wakianguka, wakicheka. Muhula uliofuata nikahamia kwao.

Tate alipopata habari aliweka mwiko chini. Nyumba yake kule Kongo ilichomwa na watu wenye bunduki, akatembea hadi kambini na nguo zinazonuka majivu.

"Siye tulikimbiaka moto," aliniambia. "Weye unaenda kuutafuta?"

Sasa elewa, kwetu mtu haendi kwenye jambo kubwa bila mkubwa wake kumbariki kwa kumpulizia maji ya mdomoni kifuani. Tate alinipulizia nilipoanza shule, akanipulizia nilipobatizwa. Safari hii alikataa. Majuma yakapita ananipakulia bila neno, na chakula cha mtu aliyenuna hakishuki. Niliumia, sikufichi. Nilijua kwamba bila maji yake nisingeingia kwenye moto wa mtihani, ningeacha tu.

Asubuhi ya mtihani nilivaa viatu polepole, nikivuta muda. Akaniita jikoni, kikombe mkononi.

"Nyumba yangu ilipoungua, nani alikuja kuzima?"

"Hakuna, Tate."

"Hakuna mutu." Akanitengeneza kola. "Basi weye ukuwe ule mutu wa kuja."

Akapiga funda, akanipulizia kifua chote, koti likalowa. "Maji ikutangulie," akasema. Nilifaulu, nikaajiriwa, na tangu siku hiyo sijaenda kwenye moto bila kuyakumbuka maji yale.

Tulimzika Tate mwaka huu huu, theluji ilipokuwa inayeyuka. Siku ile ya mafunzo, ndani ya jiko lile hamkuwa na kitu tena, ila alama ya duara darini, mahali mama mkwe, ile kengele, alipokaa. Wanafunzi walikuwa nyuma yangu, nyasi kavu za kuwashia zikiwa tayari. Nikapiga funda la maji kutoka kwenye chupa yangu, nikapuliza sakafuni pale alipozoea kusimama. Nadhani waliona nasukutua mdomo. Nikawaambia wawashe.

Walifanya kazi nzuri, vijana wale. Mimi nilisimama uani nikiutazama moshi ukitoka kwenye dirisha la jiko. Ulikuwa mwingi kuliko wowote tuliowahi kuupepea, na hakuna aliyeniita nilete kitenge.