Nilivyojifunza kumenya ndizi Lupepo: mikono yangu na tiba kwa vitendo

Wakuu, salamu kwenu wote, mlioko kazini na mlioko kitandani mnasogeza tu simu.

Leo sina siasa wala udaku. Nina habari ya mikono yangu, na nitaisimulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Nachapa kwa mkono mmoja, kwa hiyo mkikutana na herufi zilizoruka mnivumilie.

Mimi ni mwenyeji wa Lupepo, Rungwe. Nyumbani wananiita Tusa. Nilizaliwa miaka ile ya ruksa, mitumba imeanza kujaa soko la Tukuyu na sabuni inapatikana bila kupanga foleni.

Mama alishikwa na uchungu siku mbili nzima. Nilipotoka sikulia. Baadaye ikaonekana upande wangu wa kushoto umekaza, mkono umekunja ngumi. Wa kulia nao ulikuwa unatetemeka. Kijiko kikifika mdomoni, uji umeshabaki kifuani.

Sasa utoto wangu naukumbuka kama ndoto.

Wanaopajua kwetu wanaujua ukungu wa huko. Unashuka taratibu, migomba inapotea mmoja mmoja, unasikia watu wanasalimiana njiani bila kuwaona. Mimi nimeegemezwa mlangoni kwenye mto wa magunia, natazama. Nilidhani dunia inaishia pale kwenye mgomba wa mwisho ninaouona, na kwamba wale wanaosalimiana hawana miili, ni sauti tu.

Sikuwa nateseka. Hapa ndipo watu wengi huwa hawanielewi. Nilipendwa mno. Mama alinilisha, alinivisha, alinifuta pua kabla sijajua ina kamasi. Bibi mzaa baba alinishikia kikombe cha maziwa mgando mpaka tone la mwisho.

Nilikuwa kama mgeni wa heshima kwenye nyumba yetu wenyewe.

Nilipofika miaka minane mama akanipeleka kuandikishwa shule. Mwalimu akanipa chaki. Ikavunjika mkononi. Akanipa nyingine, ikavunjika.

"Mama, akitaka kwenda chooni nani atamsaidia?" aliuliza. "Akiweza kujihudumia, mlete. Nitampokea."

Hakusema kwa ubaya. Mama akanibeba mgongoni tukarudi. Njia nzima nilisikia mgongo wake unatikisika nikadhani anacheka, nami nikacheka.

Mwaka huohuo nesi wa kliniki akamwambia kuna mtaalamu anafika hospitali pale Makandana mara moja kwa mwezi, anashughulika na watoto kama mimi. Tukaenda.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada mmoja kutoka Kilimanjaro, Dada Ndeshi. Mrefu, anaongea haraka. Mama alitegemea sindano. Dada Ndeshi akatoa beseni la maharage, akazika humo vifuniko vya soda, akaniambia nivitafute. Tulipomaliza akaleta koti la mtumba lenye vifungo vikubwa kama biskuti.

Mama akavumilia, akashindwa. "Dada, tumetoka Lupepo kuja kucheza?"

"Kazi ya mtoto ndiyo hiyo, mama. Kucheza, kula, kuvaa, kunawa. Mimi namfundisha kazi yake."

Hiyo ndiyo tiba kwa vitendo, wakuu. Siku hizi wengi wanaiita OT. Hawakunyooshi viungo tu ukarudi nyumbani. Wanatafuta njia ya mwili wako, huohuo ulio nao, kufanya mambo ya kila siku.

Kisha akachuchumaa mbele yangu. "Tusa, wewe unataka uweze kufanya nini?"

"Anataka kwenda shule," mama akajibu.

"Nimemuuliza yeye, mama."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile, kwa hiyo nilichukua muda mrefu kulipitia.

"Kumenya ndizi," nikasema.

Niwaeleze. Kwetu ndizi ndiyo chakula. Wanawake wanakaa jikoni wanamenya, na hapo ndipo maneno yote ya dunia yanapozungumzwa: nani anaolewa, nani kagombana na nani. Watoto wa kike wa rika langu walishapewa visu, wamo kwenye mduara. Mimi nilikuwa nasikiliza kutoka mlangoni.

"Kisu?" mama akasema. "Huyu?"

Dada Ndeshi alikuja nyumbani kwetu kesho yake, kabla hajaondoka Makandana, kwa miguu, tope mpaka magotini. Akamwamkia bibi, akakaa jikoni, akatazama kila kitu.

Baba naye alikuwepo. Kiwanda cha chai alikokuwa fundi kilikuwa kimepata wamiliki wapya, yeye akapunguzwa kazi. Miezi kadhaa alikuwa anakaa tu barazani. Dada Ndeshi akachora kwenye karatasi ya daftari: kiti chenye mikono na pa kuegemeza mgongo, na kibao chenye misumari miwili iliyochomoza juu. Ndizi unaichomeka pale, haikimbii, unamenya kwa mkono mmoja.

Baba aliishika ile karatasi kama barua. Jioni nikasikia msumeno. Sauti ile ndani ya ukungu, nzito, inakuja na kuondoka... mpaka leo nikiisikia mahali popote nasimama.

Mpini wa kisu aliuzungushia mpira wa tairi, ukawa mnene na mzito. Mkono wangu ukapunguza kutetemeka.

Lakini sharti gumu alipewa mama. "Akianza kitu, mikono yako iweke mapajani. Usimmalizie."

Jamani. Kunawa uso nilichukua muda wa maharage kuiva. Kuvaa sweta, jua lilikuwa linahama. Mama amekaa, vidole amevibana, machozi yanamlengalenga.

Bibi ndiye aliyekuwa anaiba. Mama akigeuka, ananifungia kifungo haraka. Dada Ndeshi akija anajua. "Bibi, hiki kafunga nani?" Bibi anatazama dari.

Mwezi wa tatu wa mazoezi kisu kikateleza, kikanikata kidole gumba. Damu ikamwagika kwenye kibao chote.

Bibi akakichukua kibao, akatoka nje akakitupa migombani. Aliporudi akasema, "Basi. Mmemtesa mtoto vya kutosha."

Mama akakubali. Hatukwenda Makandana mwezi ule. Nikarudishwa kwenye mto wa magunia, na kijiko kikawa kinakuja chenyewe tena.

Siku ya kwanza nilikula. Ya pili nikafunga mdomo.

"Tusa, kula mwanangu," mama akabembeleza.

"Nipe mwenyewe."

"Utamwaga."

"Nimwage."

Nikagoma mchana kutwa. Baba alikuwa anatazama kutoka barazani. Akainuka, akaingia migombani na mvua ile, akakaa huko muda. Alirudi amelowa chapachapa, kibao mkononi, kina tope. Akakiosha. Akakiweka mbele yangu.

Wote tukamtazama bibi.

Bibi akanitazama mimi, muda mrefu sana. Kisha yeye mwenyewe akachukua ndizi mbichi, akaichomeka kwenye misumari.

"Haya," akasema. "Menya."

Ilitoka kama imetafunwa na mbuzi. Nilimenya nne siku hiyo. Zikaingia chunguni pamoja na za wengine, na bibi akazifuatilia, akahakikisha kila mtu anajua zipi ni zangu.

Mwaka uliofuata nilivaa sare mwenyewe mbele ya yule mwalimu, kifungo kimoja kimoja. Alisubiri mpaka cha mwisho, kisha akafungua daftari la majina. Nilianza darasa la kwanza na miaka tisa, mkubwa kuliko wote. Leo naishi Ibighi, hapohapo Tukuyu, nina duka la vitambaa na watoto wawili niliowavalisha nepi kwa mkono mmoja na meno.

Nilichojifunza: mtoto anayechelewa kufanya jambo anahitaji muda na njia yake kuliko anavyohitaji mtu wa kumfanyia. Na kumuuliza anachotaka ni nusu ya tiba.

Ila msimlaumu mzazi. Juzi mama aliniambia jambo ambalo hajawahi kulisema. Siku niliyofunga vifungo vyote bila msaada, yeye alikwenda nyuma ya jiko akalia. Nikamwambia ilikuwa furaha. Akatikisa kichwa.

"Nilijiuliza, sasa mimi nitakuwa nani?"

Wenye watoto wa aina yangu, karibuni mtiririke hapa chini. Wataalamu mliomo humu, tusaidieni kuelekeza watu. Na wewe ambaye bado unalia nyuma ya jiko, andika pia. Nitakujibu, hata kama nitachelewa.