Masizi ya Jumamosi

Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, hufungua boneti. Ni tabia ya kazini niliyostaafu nayo. Nachomoa kijiti cha oili, nakifuta kwa kitambaa, nakirudisha, nachomoa tena na kukisoma juani. Miaka yote niliyoendesha magari ya serikali, oili ilijua jambo moja tu, kupungua. Basi asubuhi ile nilipoona imepanda, imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, nilidhani ni macho yangu yanayozeeka. Nilikinusa kile kijiti. Kilinuka dizeli.

Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nilisema kwa sauti hata hivyo, "Oili imepanda," kisha nikaenda kuchemsha chai ya kikombe kimoja. Tangu mke wangu afariki, mwaka wa pili sasa, nimekuwa mtu wa kuzungumza na vyombo, na sioni haya kulisema. Nyumba yangu mjini Isiolo ina vyumba viwili na kibaraza, na kitu pekee pale ambacho hunijibu ni pikapu.

Hunijibu kwa namba. Ililetwa kutoka Japani ikiwa imetumika, na maandishi ya dashibodi yake ni ya huko, sijui hata herufi moja. Taa ikiwaka sijui kama naonywa au nasalimiwa. Ndiyo maana fundi wangu, Msomali mwenye gereji karibu na soko la mifugo, aliniuzia kidude cha kuchomeka chini ya usukani. Kidude hicho huongea na simu, na simu hunionyesha joto la injini, joto la egzosi, na lile jambo ambalo magari ya dizeli ya siku hizi yanaugua zaidi, kiasi cha masizi kilichojaa kwenye filta ya moshi.

Nieleze kidogo, maana bila haya huwezi kuelewa ujinga wangu. Filta hiyo imekaa ndani ya paipu ya egzosi na kazi yake ni kuzuia masizi yasitoke nje. Ikikaribia kujaa, injini humwaga dizeli ya ziada, egzosi inapata moto mkali, na yale masizi yanaungua. Lakini kuungua kunataka mwendo. Gari likiendeshwa vipande vipande, au likizimwa katikati ya kuchoma, masizi yanabaki palepale, na ile dizeli iliyokusudiwa kuyachoma inateremka kwenye oili. Na mimi kazi yangu tangu nistaafu ni kubeba magunia ya viazi na vitunguu kutoka sokoni hadi madukani, safari za dakika tano, kuzima, kuwasha, kuzima tena.

"Mzee, hii gari inakufa na masizi," fundi aliniambia mwanzoni kabisa. "Kila wiki ipeleke Archers. Barabara ni lami safi. Nusu saa kuenda, nusu saa kurudi, na usisimame simame. Ikianza kuchoma, usizime mpaka imalize."

Nikachagua Jumamosi, siku ambayo nyumba yangu huwa kimya kuliko zote.

Jumamosi ya kwanza nilifanya kama nilivyoagizwa. Kuchoma kulichelewa kuanza, kukanikuta tayari nakaribia mji. Simu ilionyesha joto la egzosi likipanda, feni ikaanza kuvuma, na nikajua siruhusiwi kuzima kwa dakika kumi au kumi na tano hivi. Ningeweza kuzunguka mjini mara mbili tatu, muda ukapita. Badala yake nilikata kona kuelekea Burat, nikaenda kusimama mbele ya lango la mabati la nyumba ya binti yangu.

Binti yangu aliolewa miaka mitatu iliyopita na Mborana mwenye shamba la nyanya karibu na mto. Alisilimu, akafunga nikaha, na mimi siku hiyo nilikuwa nimejifungia nyumbani kama mgonjwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya ndugu zangu nikasema mguu wangu hautakanyaga nyumba ya mtu huyo. Hakuna aliyeniuliza, nilisema tu. Wazee wa upande wa kijana walikuja kwangu mara mbili ili tukae tuongee, kama inavyotakiwa. Mara ya kwanza niliisikia habari yao mapema, nikatafuta safari. Mara ya pili nilikuwa chumbani, nimevaa soksi, namsikiliza mke wangu akiwaambia kwamba nimesafiri. Aliwadanganya kwa ajili yangu, kisha hakusema nami hadi kesho yake.

Sisi watu wa Meru tuna utaratibu wetu. Baba haingii nyumba ya binti yake, wala hali chakula humo, kabla wazee wa pande zote mbili hawajakaa. Nikaushika utaratibu huo kama ngao. Wazee hawakukaa kwa sababu nilikataa kukaa nao, halafu sikuweza kuingia kwa sababu wazee hawajakaa. Ukinitazama kwa mbali ungesema, huyu ni mzee anayeheshimu mila. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga mwenye kiburi, na mke wangu alikwenda kaburini akilijua hilo.

Binti yangu alitoka nje mwenyewe, amejitanda mtandio. Tulikuwa hatujaonana tangu tulipomzika mama yake.

"Baba. Ingia ndani."

"Siwezi kuzima gari," nikamwambia. "Inachoma masizi. Ikizimwa saa hii inaharibika."

Siku hiyo ilikuwa kweli. Aliitazama ile pikapu ikivuma, akanitazama mimi, akarudi ndani na kuniletea chai. Niliinywa nikiwa nyuma ya usukani, kwa sababu mila zetu hazina neno lolote kuhusu chai inayonywewa ndani ya gari la mtu mwenyewe. Nilisikia mtoto akilia ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kuna mtoto, lakini sikuwahi kumwona.

"Nikuletee umwone?" akauliza. Kisha upepo ukaleta moshi wa egzosi usoni mwake, akakunja pua. "Wacha siku ingine. Hii moshi itamletea kikohozi."

Nikasema sawa, siku nyingine.

Jumamosi iliyofuata nilirudi, na iliyofuata tena. Nilijifunza sauti ya lile lango. Binti yangu alikuwa akisikia injini tu, anatoka na kikombe, anaegemea mlango wa gari, na tunaongea mambo ya kawaida kabisa, bei ya nyanya, mvua iliyopita mbali, goti langu. Mumewe alikuwa akininyooshea mkono kutoka shambani, nami namnyooshea wangu. Kijana mwenye adabu, nilikuwa namtafutia kosa bila kulipata. Baada ya saa moja hivi nilisema, "Haya, imemaliza kuchoma," nikaondoka.

Lakini haikuwa inachoma. Jumamosi ya tatu ilikuwa imemaliza kazi yake huko barabarani kabla sijafika, na bado nilisema siwezi kuzima. Ya tano au ya sita sikuhangaika hata kwenda Archers. Nilitoka nyumbani moja kwa moja hadi Burat, dakika chache za vumbi, injini haijapata hata moto wa kutosha, nikaiacha ikiunguruma pale langoni saa nzima.

"Huko Archers kulikuwaje?" aliniuliza.

"Upepo mwingi," nikajibu, bila kupepesa macho.

Gari la dizeli kuunguruma mahali pamoja ndiyo njia ya haraka ya kuijaza filta. Nalijua hilo kuliko ninavyojua namba yangu ya simu. Nilikuwa nimekaa pale, simu iko juu ya dashibodi, naona masizi yakipanda, sitini kwa mia, sitini na tano, sabini. Mimi ambaye niliwahi kumfokea dereva mwenzangu mbele ya wakubwa kwa sababu ya tairi lenye upepo kidogo. Niliigeuza simu kifudifudi, nikaomba kikombe cha pili.

Siku nyingine za wiki nilikuwa naziishi kama mtu anayengoja gari stendi. Nilibeba magunia, nikarudi, nikakaa kwenye kibaraza nikifungua historia ya safari kwenye simu, mstari baada ya mstari, ili tu nifike kwenye mstari wa Jumamosi. Ulisema "Burat" na muda wa kusimama. Niliusoma kama barua. Upweke ulinila vibaya, nami nilikuwa nikiulisha masizi.

Kwa hiyo oili ilipopanda nilielewa, na bado nilibeba vitunguu siku hiyo. Nikiwa katikati ya barabara kuu pikapu ikakataa kuvuta. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, ikajikokota kama punda aliyezira, matatu na bodaboda zikinipigia honi. Nilifika gereji kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Salaam aleikum, Mzee," fundi akasema, akiwa tayari anachutama chini ya usukani. Aliunganisha kompyuta yake, akaguna. Masizi yalikuwa yamepita kiwango ambacho gari linaweza kujichoma lenyewe. Ilibidi alilazimishe kwa kompyuta likiwa limesimama, kisha amwage oili yote na kuweka mpya.

Akaomba na simu yangu, aone nimekuwa nikiendeshaje. Nilimpa kabla sijafikiri. Alipitisha kidole gumba, akarudi juu, akapitisha tena.

"Archers hujaenda miezi," akasema. "Lakini kila Jumamosi hii gari inasimama Burat lisaa limoja, injini inanguruma. Unangoja nani, Mzee?"

"Abiria," nikasema.

"Na huyo abiria huwa anaingia?"

Hakuwa ananidhihaki, alikuwa anatafuta chanzo cha ugonjwa kama fundi yeyote. Alifuta mikono, akasema kuna njia nyingine ambayo wengi wanafanya. Tuikate filta, tuweke paipu tupu, tuiambie kompyuta isahau. Hapo ningeweza kuunguruma nipendavyo.

Nilikataa, nikampa sababu za kitaalamu, moshi, sheria, afya. Sababu yenyewe ni kwamba bila filta ningebaki bila cha kumwambia binti yangu pale langoni.

"Basi ukifika, uzime," fundi akasema. "Dawa ingine sina." Akaiwasha ile kazi, injini ikapanda kuunguruma yenyewe, na adhana ilipoita akaenda kuswali. Nilibaki na pikapu ikivuma bila dereva, egzosi ikitoa joto la tanuri. Nililia. Sauti ilikuwa kubwa, hakuna aliyenisikia, nikajifuta kwa kile kitambaa cha oili nikajipaka weusi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Archers kwelikweli. Kuchoma kulianza na kumalizika juu ya lami, masizi yakashuka hadi karibu na sifuri. Hakuna gari lililokuwa na afya kuliko langu nilipokata kona ya Burat. Nilisimama mbele ya lango la mabati, mkono kwenye ufunguo, nikahesabu pumzi. Nikazima.

Kukawa kimya. Nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia pale, pampu ya maji shambani, kuku, redio, na mtoto akijisemesha ndani. Binti yangu hakutoka. Dakika zikapita, bado hakutoka. Ndipo nikatambua kwamba injini ndiyo iliyokuwa ikinibishia hodi miezi yote, na yeye hajui kama nimefika. Niliutazama ufunguo. Ningewasha tu, angekuja na kikombe, tungeongea bei ya nyanya.

Nikashuka. Goti liliuma. Nilisukuma lango, nikafika mlangoni.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi."

Alifungua. Hakunitazama mimi kwanza, alitazama pikapu nyuma yangu, uso umeingia wasiwasi.

"Imeharibika, Baba?"

"Haijaharibika. Nimeizima."

Alishika fremu ya mlango. Nikaona afadhali nimalize kabla moyo haujarudi nyuma. "Waambie wazee wa mume wako waje siku yoyote wanayotaka. Nitakuwa nyumbani. Leo sitaingia, nitakaa hapa nje. Lakini hakuna moshi."

Aliingia ndani, akarudi na kiti cha plastiki kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Ni msichana. Ana paji la uso la mke wangu, sikuwa nimeambiwa. Alinitazama, akaitazama kofia yangu, akaangua kilio na kuficha uso shingoni mwa mama yake. Nilirudi nyuma hatua moja, na mkono wangu ukaingia mfukoni kutafuta ufunguo.

"Usiende," binti yangu akasema. "Analia juu hakujui. Kaa hapa akujue."

Nikakaa. Alilia muda mrefu.