Saa Zilizohesabiwa Upya

Katiba ilikuwa bado mpya pale kaka yangu alipoisikia ikielezwa kanisani Mafubira, Jinja, alikokwenda kumjengea shangazi yetu jiko. Mawakili walikuwa wakizunguka makanisani kuwafundisha watu la kufanya polisi wakiwakamata. Kaka alirudi kwetu Namatala, Mbale, kama mtu aliyeokoka. Alikuwa mchukuzi wa magunia ya mahindi, na sasa hata akiwa na gunia begani alinifundisha: uliza kosa lako, omba ndugu zako wajulishwe, usikiri usilolitenda, na kabla ya saa arobaini na nane kwisha, lazima ufikishwe mbele ya hakimu.

"Na wakinipiga?" nilimwuliza.

"Hawaruhusiwi."

Nilicheka. Nilikuwa nikiuza chai karibu na mahali magari ya Busiu yanapopakia abiria, na kila siku niliwaona wasioruhusiwa wakipiga.

Asubuhi moja polisi waliwazoa wachukuzi waliokuwa wakingoja lori. Wenzake kaka walichuchumaa mara tu waliposikia Kiswahili, ambacho kwetu ni lugha ya askari, maana Kiswahili cha amri ndicho kilichowalaza wazazi wetu kifudifudi enzi za wanajeshi. Kaka alibaki wima, kikombe changu cha chai mkononi.

"Afande, naomba kujua kosa langu."

Sajini alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya upole. "Wewe nasoma sheria wapi?"

"Jinja, afande."

"Ee. Jinja." Akamzaba kofi la sikio, chai ikanimwagikia miguuni. "Kosa ndiyo hiyo. Panda gari."

Siku ya pili nilipeleka ndizi na maharage kituoni. Sajini alifunua sahani, akala akiwa amesimama, akanirudishia ikiwa tupu.

"Ndugu yako nasema lazima sisi natii sheria," alisema huku akijifuta mdomo. "Basi sisi natii. Yeye nasoma Jinja, kesho naenda Jinja. Huko watampa mtihani."

"Amekosa nini Jinja, afande?"

"Huko watajua."

Nikawafuata. Kituoni Jinja askari wa kaunta alinieleza, taratibu kama anayemfundisha mtoto, kwamba mahabusu huyu ameingia leo, na saa zake zinaanza leo.

"Na zile za Mbale?"

"Za Mbale ziko Mbale. Rudi ukaziulize."

Wenzake wakaangua kicheko. Nyuma ya mlango nikaisikia sauti ya kaka: "Waambie nimekamatwa tangu Jumatatu!" Kisha kishindo. Askari wa kaunta hakugeuka hata kutazama.

Walipomfikisha mahakamani alipangwa na watu wengine walioshtakiwa uzururaji kama yeye. Mmoja baada ya mwingine walisema ni kweli. Hakimu aliwaonya, akawaamuru wafagie uwanja wa mahakama kisha waende zao. Zamu ya kaka ilipofika, damu ilikuwa imekauka chini ya sikio lake.

"Si kweli, mheshimiwa. Mimi nina kazi. Na nimewekwa ndani kupita saa za sheria."

Hakimu alimtazama polisi. Polisi akasema mshtakiwa aliletwa jana.

"Umekana, na kukana ni haki yako," hakimu alisema, bila hasira yoyote. "Basi itabidi tungoje mashahidi. Rumande."

Dirishani niliwaona wale waliokubali wakifagia. Mmoja, mwanamke mzee, aliinua kichwa akaniambia, "Mwanangu, si umwambie akubali tu?" Lakini kaka alikuwa keshaondolewa.

Mashahidi hawakuja. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, hadi mvua zikanyesha na kukatika. Mwishowe ikafutwa kwa sentensi moja, hakimu akaita nyingine.

Kaka alirudi na kikohozi, na sikio lile lilikuwa limekufa. Siku ya kwanza aliyotwikwa gunia alipiga magoti, mahindi yakamwagika barabarani. Mwenye lori hakumgombeza. Alimwita mchukuzi mwingine. Tangu hapo kaka alilala mchana kutwa akitazama ukuta, na mimi nikazoea kukaa upande wake wa kulia ili anisikie.

Miezi kadhaa baadaye jirani yetu alikuja akilia. Mwanawe amekamatwa sokoni, kesho yuko kortini. Alisikia kaka anazijua haki. Aseme nini kijana?

Kaka aliuacha ukuta, akamgeukia.

"Mwambie akubali," alisema. "Chochote watakachosema, akubali."

Nilifungua mdomo nimkatize, nimwambie mama yule kuhusu saa, kuhusu kuuliza kosa, lakini alikuwa ameshamshika kaka mikono yote miwili na kumshukuru, akatoka mbio.

Kesho yake kabla ya jua kuzama kijana alikuwa nyumbani. Mama yake alituletea mkungu wa ndizi mbivu. Kaka alikula sana siku ile, kuliko siku yoyote tangu aachiliwe, na hakuinua macho kunitazama.